Makandi wa Gakoromone: Mchukuzi asiyebeba tena kwa kichwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, lori la viazi kutoka Kibirichia linarudi kinyumenyume kuingia soko la Gakoromone mjini Meru. Kabla halijazima injini, wanawake wanane wamekwisha kujipanga nyuma yake. Hakuna anayesukumana. Kila mmoja anajua anasimama nyuma ya nani, na wa tatu katika laini hiyo ni Makandi.

Humkosi. Kofia yake ni pana kama ungo, mikono ya shati inafika hadi vidoleni, na uso wake mweupe unang'aa mafuta ya kukinga jua ingawa jua lenyewe bado liko kitandani. Wenzake karibu wote wameshika mikwa mikononi. Mukwa ni ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa huku huupitisha utosini ili ushikilie mzigo ulioko mgongoni. Makandi hana mukwa. Amevaa mikanda miwili mipana mabegani na mwingine kiunoni, kama mwanafunzi na begi lake, isipokuwa begi la huyu ni gunia la viazi la kilo hamsini.

"Weka!" anamwambia utingo aliye juu ya lori.

Gunia linatua. Makandi anaguna mara moja, anakaza mkanda wa kiunoni, anainama kidogo mbele na kuanza kupanda kile kilima cha matope kinachoelekea vibandani.

"Punda wetu ameamka vizuri leo!" anapiga kelele mmoja wa wenzake, na laini nzima inacheka.

"Punda ana adabu kuliko nyinyi," anajibu Makandi bila kugeuka. "Tena hawezi kugeuka kuwajibu, ana mzigo!"

Ukimwona anavyopanda, huwezi kudhani kwamba miaka miwili iliyopita mwanamke huyu alikuwa na shimo kichwani la ukubwa wa kisosi cha chai, na kwamba ndani ya shimo hilo palionekana mfupa.

Makandi ana miaka arobaini na mitatu na alizaliwa na ualbino. Marehemu mama yake alikuwa mchukuzi papa hapa Gakoromone, na nafasi ya tatu katika laini ilikuwa yake kabla ya kuwa ya bintiye. Watu wa nje hudhani uchukuzi ni kazi ya kuokota, ukija unabeba. Thubutu! Laini ya wachukuzi ina wenyewe. Lori likifika, wa kwanza hubeba gunia la kwanza, wa pili la pili, wakimaliza mzunguko wanaanza upya. Aliye nje ya laini husubiri makombo, na makombo hayalipi kodi ya nyumba.

Msimu wa viazi ukiwa mzuri, Makandi hurudi chumbani kwake mtaa wa Majengo na shilingi mia sita au mia saba kwa siku. Kwa hizo amemlea binti yake wa pekee, Kinya, ambaye sasa yuko kidato cha pili.

Alianza kubeba akiwa msichana. Mama yake hakuwa mjinga. Alijua jua halina urafiki na ngozi ya mtoto wake, na kila Krismasi alimnunulia kofia. Tatizo lilikuwa mukwa.

"Wewe hebu jaribu kuvaa kofia halafu upitishe mukwa juu yake," anasema Makandi akicheka kwa uchungu kidogo. "Ukipiga hatua mbili, kofia iko kwa macho. Ukipiga zingine, iko kwa matope na watu wanaikanyaga. Sasa utachagua nini, kofia ama chakula? Nikaweka kofia kwa sanduku, ya kwenda kanisani."

Basi kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke ambaye ngozi yake haina kinga yoyote alitembea kichwa wazi kuanzia asubuhi hadi saa nane, utosi umetazamana na jua la ikweta, na mukwa ukisugua papo hapo.

Kidonda kilipotokea, hakikumshtua. Kila mchukuzi ana kidonda cha mukwa. Hutoka, hupakwa mafuta ya mgando, huwekewa kitambaa kilichokunjwa chini ya mkanda, na mwenyewe huendelea na kazi. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba wanawake hawa hutaniana nalo, mwenye kidonda huambiwa amepewa cheo.

Makandi akapaka mafuta, akakunja kitambaa, akaendelea. Kidonda kikakauka juu, kikapasuka. Kikakauka tena, kikapasuka tena. Kikawa na kingo ngumu zilizoinuka. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia.

"Mimi nilijua ni mukwa," anasema. "Nilibadilisha hata mukwa wenyewe nikanunua mpya, laini. Nikasema huu wa zamani ndio una ukali. Kumbe namlaumu mtu ambaye hakuniibia."

Aliyemshtua ni Mama Kathuri, mwenyekiti wa wachukuzi, mama wa makamo mwenye sauti inayoweza kuamsha soko lote na bado ikabaki. Yeye husimama wa kwanza katika laini.

"Siku moja aliinama mbele yangu kufunga kiatu," anakumbuka Mama Kathuri. "Nikamwambia, Makandi, mimi nimebeba tangu Moi akiwa rais. Kidonda cha mukwa nakijua. Hicho chako kinanuka. Hicho si cha mukwa, hicho ni cha kitu kingine. Akaniambia ati atapaka mafuta. Nikamwambia ukipaka mafuta kesho, hutapanga laini hapa. Nenda hospitali kwanza."

Akaenda, kwa shingo upande. Kliniki ya ngozi walikata kinyama kidogo wakapeleka maabara, na majibu yaliporudi, hayakuwa na mzaha: saratani ya ngozi, tena iliyokwisha kuchimba chini. Akaandikiwa kwenda Embu, kwa daktari mpasuaji anayeshughulika na kurudishia ngozi pale ilipoondolewa.

Daktari huyo ni Dkt. Njagi, mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye hueleza mambo akichora kwa kidole juu ya meza.

"Kuikata saratani ya kichwani siyo kazi kubwa," anasema. "Kazi ni kufunika ulipokata. Tumboni ngozi ina ulegevu, unavuta pande mbili unashona, mgonjwa anaenda nyumbani. Kichwani ngozi imewambwa kama ya ngoma. Ukiondoa kipande cha ukubwa ule, hakuna pa kuvuta."

Na kwa Makandi kulikuwa na shida juu ya shida. Saratani ilikuwa imefika kwenye utando mwembamba unaofunika fuvu, kwa hiyo utando nao uliondolewa, pakabaki mfupa mkavu. Ngozi nyembamba ya kupandikiza, ile inayochunwa pajani, hulishwa na damu ya mahali inapolazwa. Mfupa mtupu hauna cha kuilisha. Ukiilaza pale, itakauka na kubanduka.

Kwa hiyo daktari alipanga kukata kipande kikubwa cha ngozi ya kichwa upande wa kushoto bila kukitenganisha kabisa. Kingebaki kimeshikamana na mwili karibu na sikio, panapopita mshipa wa damu wa panja, pale kati ya jicho na sikio, kisha kingezungushwa hadi kifunike mfupa. Pale kilipotoka, utando wa fuvu ulikuwa mzima, na hapo ngozi ya pajani ingeweza kuota.

Makandi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kurudia kwa maneno yake.

"Nikamwambia, daktari, kwetu mmea wa malenge hutambaa ukafunika jiwe lote. Juu ya jiwe hakuna udongo, lakini majani ni mabichi, kwa sababu mzizi uko pembeni, shambani. Si ni hivyo? Akasema ni hivyo hivyo. Nikasema basi tambaza malenge yako, mimi niko tayari."

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Wachukuzi wenzake walikuwa wamechanga nauli na pesa za dawa ambazo kadi yake ya bima haikugusa, na Mama Kathuri mwenyewe alimpeleka Embu akalala kwenye benchi hadi alipoambiwa mgonjwa ameamka.

Sista Wanjira, muuguzi wa vidonda, ndiye aliyefungua bendeji kwa mara ya kwanza. Makandi alikataa kioo. Siku iliyofuata akakikataa tena. Mara ya tatu Wanjira hakumuuliza, alimpiga picha kwa simu akaiweka mbele ya macho yake.

"Nililia, siwezi kukudanganya," anasema Makandi. "Kichwa kilikuwa kama ramani. Huku nywele, huku hakuna, huku mishono. Wanjira akakaa kando yangu. Akaniambia, 'Mama Kinya, lia umalize, halafu uniambie kidonda kiko wapi.' Nikapangusa macho nikatafuta. Nikatafuta tena. Hakukuwa na kidonda. Kulikuwa na ngozi."

Hapo hadithi ingeishia, watu wapige makofi waende nyumbani. Lakini wachukuzi wa Gakoromone wana sheria yao. Asiyeonekana na mukwa mwezi mzima, nafasi yake inakwenda kwa anayesubiri. Haijalishi umejifungua, umefiwa au umelazwa. Unaweza kuja ukabeba gunia moja, ukarudi kulala, na nafasi yako ikabaki. Wanaiita kushika laini.

Sheria hiyo ina ukatili wake, na Mama Kathuri hakatai. Ila anasema bila hiyo nafasi zingekuwa za watu walioko Nairobi, na wanaobeba wangekuwa vibarua wao.

Makandi alirudi kutoka Embu akiwa na maagizo kamili: asilalie upande wa kushoto, asifunge kitambaa cha kubana, na asibebe chochote mpaka daktari aseme. Aliyaelewa yote. Hakuna aliyemficha kitu. Lakini mwezi ulikuwa unayoyoma, na habari zikamfikia kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri kwa muda mrefu ameanza kuuliza nafasi ya wa tatu itakuwaje.

"Ile nafasi alisimama mama yangu," anasema. "Nikiipoteza, Kinya anarudi nyumbani kutoka shule, na mimi narudi kuwa mtu wa kuombewa. Nikalala nikifikiria. Asubuhi nikapata akili, na ile akili, aki, afadhali ningelala tu."

Akili yenyewe ilikuwa hii. Kidonda kiko utosini. Mukwa siku zote hukaa utosini. Je, akiuteremsha hadi kwenye paji la uso, mbali kabisa na mishono, kutakuwa na ubaya gani? Wako wanawake wanaobeba hivyo, hasa wazee ambao utosi umechoka. Na ni gunia moja tu, la kabichi.

Akaja sokoni. Laini nzima ikampokea kwa vigelegele. Akateremsha mukwa hadi pajini, akabeba gunia lake, akafika. Gunia moja likazaa la pili, na siku hiyo ikazaa ya kesho yake. Alikuwa akirudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani.

Asichokijua ni kwamba mukwa ukikaa kwenye paji hukaza pande zote mbili, na kwenye panja la kushoto ndipo ulipopita ule mshipa uliokuwa ukilisha kipande chote. Kila gunia lilikuwa likiubana.

"Nilikuwa nimekanyaga mzizi wa malenge kwa mguu wangu mwenyewe," anasema.

Kinya ndiye aliyeona. Alikuwa akimsaidia mama yake kubadilisha bendeji, akainama kutazama kwa karibu. Ukingo wa ile ngozi, upande wa mbali na sikio, ulikuwa umegeuka mweusi kama ndizi iliyosahauliwa. Kabla ya saa sita walikuwa wamefika Embu.

"Daktari akaniuliza, 'Mama, umefanya nini?' Nikasema sijafanya kitu. Akauliza tena, nikasema sijafanya kitu, naapa. Wanjira alinikaribia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwa taa, akapitisha kidole hapa kwa paji." Makandi anajionyesha. "Alama ya mukwa ilikuwa imejichora kama barabara. Wanjira ni mtoto wa Embu, mama yake amebeba kuni kwa mukwa maisha yake yote. Angeacha kuijua aje?"

Dkt. Njagi, yule mpole, alifoka hadi wodi ya pili ikasikia.

"Nilikasirika, ndiyo," anakiri daktari. "Tulikuwa tumeshinda mchezo, na yeye akajifunga bao. Lakini nilipomuuliza sababu, akaniambia habari ya laini. Nikaketi. Unamwambia mtu apumzike, na kupumzika kunamnyang'anya mkate. Nilikuwa na jibu la mfupa peke yake."

Sehemu iliyokufa ilikuwa kubwa kama yai la kuku. Ilibidi iondolewe, na mfupa ukaonekana tena. Kuzungusha kipande kingine hakukuwa jambo la busara, kwa hiyo safari hii daktari alipita njia ndefu. Alitoboa vitundu vidogo vidogo kwenye tabaka la juu la fuvu, mpaka pale ambapo mfupa unatoa damu. Kutoka kwenye vitundu hivyo nyama mpya, nyekundu, huchomoza polepole na kutandaza kitanda juu ya mfupa. Kitanda kikijaa, hapo ndipo ngozi ya pajani hulazwa.

Ni kazi ya kungoja, na Makandi si mtu wa kungoja. Alikaa kwa binamu yake mjini Embu, akiamka kila mara kwenda kufungwa bendeji yenye unyevu ili mfupa usikauke.

"Imeota?" alimuuliza Wanjira kila alipokalia kiti.

"Inaota, mama. Lakini hii si sukuma wiki."

"Si uweke mbolea!"

"Mbolea ni mayai na maharagwe. Umekula?"

Wanjira anasema wagonjwa wengi wenye vidonda vya namna hiyo hujificha, hufunika kichwa hata wakiwa peke yao. Makandi alikuwa akiwasimulia wengine kwenye foleni kosa lake, tena kwa sauti. "Aliwaambia, mimi hapa nilimdanganya daktari na paji la uso likanichongea. Usimdanganye daktari. Watu walicheka, lakini walisikia. Kuna mzee mmoja wa Mbeere alitoa kichwani kofia ambayo alikuwa ametukatalia kuivua tangu asubuhi."

Wiki zikapita, vitundu vikajaa, nyama ikakutana na nyama. Ngozi nyembamba ikachunwa pajani na kulazwa juu yake, ikafungwa na kuachwa bila kuguswa. Siku ya kufungua, Makandi alifumba macho na kushika meza kwa mikono miwili. Wanjira akaondoa safu moja, akaondoa ya pili, akalowesha ya mwisho isije ikabandua kitu.

"Imeshika," akasema.

"Yote?"

"Yote, mama. Ina rangi ya waridi kama mtoto mchanga."

Makandi anasema alipiga kelele za furaha hadi mlinzi akaja kuchungulia kuna nini.

Furaha ilidumu mpaka daktari alipoketi mbele yake na kumwambia lililobaki. Ngozi ile mpya ni nyembamba, chini yake hakuna mto, na haitawahi kuwa ngumu kama ya zamani. Mukwa, basi. Utosini hapana, pajini hapana, leo hapana na mwaka wa kumi hapana.

Alirudi Meru akiwa amepona kichwa na amepoteza kazi. Wenzake walimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomuudhi zaidi. Wakamtafutia pembe akae auze dhania.

"Nilikaa siku nne," anasema. "Dhania haina neno. Lakini mimi nikikaa chini, mgongo unaniuma kuliko nikibeba. Halafu nawaona wanapita na magunia, na yule aliyeshika nafasi yangu anapita pia, ananisalimia kwa heshima. Heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi."

Jioni moja alimwona Kinya akiingia kutoka shuleni, amelemewa na vitabu, begi limening'inia mabegani, kichwa kiko huru kabisa. Makandi alimzunguka mtoto mara mbili kama anayenunua ng'ombe. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Fundi Swaleh, mshona viatu na mikanda wa pale pale Majengo.

"Nilimwambia, mama, mimi nashona viatu," anasimulia Swaleh, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Hivyo unavyotaka ni matandiko ya punda. Akaniambia, 'Basi fundi, nipime. Punda ndiye mimi.' Wallahi nilishindwa kumfukuza."

Jaribio la kwanza lilikatika katikati ya kilima, viazi vikateremka vikiruka hadi barabarani, na soko likapata kicheko cha wiki nzima. Jina la punda lilizaliwa siku hiyo. Swaleh, ambaye hapendi kazi yake ichekwe, alikasirika kuliko Makandi. Akaenda kwenye gereji, akanunua mikanda ya usalama ya magari mabovu, akaishona maradufu, akatia sponji ya godoro mabegani. Kiunoni akaweka mkanda mpana, na chini, nyuma, kibao cha kukalisha gunia ili uzito ukae kwenye nyonga.

Na kubwa kuliko yote, kichwa kilibaki huru kuvaa kofia.

Makandi akaenda kwa Mama Kathuri kudai nafasi yake. Wachukuzi wakaitwa. Yule mwanamke aliyekuwa akiishikilia alisimama akasema maneno ambayo hata Makandi anakubali yalikuwa na haki. Alisema amesubiri muda mrefu, ana watoto wadogo, na sheria inataja mukwa, haitaji mikanda ya magari.

"Sikumchukia," anasema Makandi. "Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo, tena kwa ukali zaidi."

Mama Kathuri aliwasikiliza wote. Kisha akasema sheria ilitungwa ili mzigo ufike, na kama mzigo ukifika hana haja ya kujua umeshikiliwa na nini. Makandi abebe gunia zima la viazi, kutoka lori hadi kibanda cha mwisho juu, bila kushusha. Akifika, nafasi ni yake, na mwenzake atakuwa wa tisa laini inapoongezwa wakati wa msimu. Akishusha, aende kwenye dhania na asirudie tena mjadala.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku huo. Kilima chote kilikuwa uji. Soko lilisimama kutazama, hata wauza nguo walitoka nje.

"Nusu ya kwanza nilipanda vizuri," anasimulia. "Katikati mguu ukateleza, goti likagusa chini. Watu wakasema 'yuuu!' Mikanda ilikuwa imenikata mabega, pumzi hakuna. Mkono ukataka kwenda kichwani kutafuta mukwa wa kushikilia. Miaka yote hiyo nimezoea kushika pale. Nikaurudisha. Nikasema, Mwathani, Bwana wangu, kichwa nimekupa tayari. Magoti niachie."

Akainuka. Akapanda. Kibanda cha mwisho kilikuwa na mlango mfupi, akaingia kinyumenyume na kulikalisha gunia juu ya mbao. Alipotoka nje uso ulikuwa mwekundu kama nyanya, na kofia ilikuwa bado iko mahali pake.

"Wa tatu ni Makandi," Mama Kathuri akatangaza. "Nani ana swali?"

Yule mwanamke mwingine alimsaidia kufungua mkanda wa kiunoni. Leo ni wa tisa katika laini siku za msimu, na wanaongea.

Usidhani soko zima limebadilika. Wachukuzi wawili wameshonewa mikanda kama hiyo na Swaleh, mmoja ameiacha. Mama Kathuri mwenyewe aliijaribu asubuhi moja na kuivua kabla ya saa mbili. "Ilinikaba," anasema. "Mimi nitazikwa na mukwa wangu. Lakini kitambaa kichwani sasa nafunga, na kidonda nikikiona sikai nacho."

Kila baada ya miezi mitatu Makandi huenda Embu. Anavua kofia, anavua kitambaa, na Dkt. Njagi anapitisha vidole juu ya ngozi aliyoihamisha na ile aliyoiotesha, kisha nyuma ya masikio na shingoni. Mwaka jana alipata kidoa sikioni, kidogo kama punje ya mchele, akakiondoa siku hiyo hiyo.

"Yeye huangalia kichwa changu," anasema Makandi, "mimi huangalia uso wake. Siku hizi naujua kuliko anavyojijua. Akikunja hapa kati ya nyusi, moyo unasimama. Mwezi uliopita hakukunja. Aliuliza bei ya viazi."

Daktari anasema itachukua miaka kadhaa kabla ya kumwambia mgonjwa huyu kwamba amevuka. Makandi hasumbuliwi na hesabu hiyo. Ana yake, na anaieleza akiwa amekaa juu ya gunia tupu, akinywa chai ya rangi, lori la pili likikaribia.

"Watu wananiuliza kama Kinya atarithi nafasi yangu. Kinya? Kinya anataka kusomea uuguzi, na akitaka kuacha huo uuguzi asomee kingine, ni sawa. Hii laini sikuipigania nimwachie mtoto." Anakung'uta kikombe. "Mama yangu aliondolewa hapa na miguu. Alianguka pale, tukambeba, hakurudi tena. Nyanya yangu alikuwa akibeba kuni hadi mgongo ukamkatalia. Mimi saratani ilitaka kuniondoa, ikashindwa. Sasa nataka niwe wa kwanza kwetu kuondoka kwa kupenda. Kinya akimaliza kidato cha nne, siku moja nitaamka tu, mzima kama hivi, nije nimwambie Mama Kathuri: kesho usinihesabu. Atauliza, 'Makandi, unaugua?' Nitamwambia, wapi! Nimeamua."